Bunduki ya Bomba la Maji

Darasa lilicheka. Nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili picha ya bunduki iliyotengenezwa na wapiganaji wa Mau Mau: kipande cha bomba la maji kilichofungwa kwa waya juu ya kitako cha mti, komeo la mlango likifanya kazi ya kufyatua, na vipande vya mpira badala ya springi. Kijana mmoja akauliza, wenzake wakimuunga mkono, "Mwalimu, hii ndiyo iliyowaondoa Waingereza?" Sikumkemea. Swali lake lilikuwa la haki, na mimi mwenyewe nilipoiona silaha ya aina hiyo kwa mara ya kwanza, nyuma ya kioo cha makumbusho, nilitabasamu.

Jibu lake fupi ni hapana. Kwa vipimo vya medani ya vita, jeshi la msituni lilikuwa limevunjwa kabla mwaka 1956 haujaisha. Lakini swali hilo linaruka lile linalolitangulia: ilikuwaje hata wanaume waliowahi kukabidhiwa bunduki bora za dola ya Uingereza wakajikuta, miaka michache baadaye, wakichonga vitako kutoka kwenye miti ya Nyandarua?

Katika Vita Kuu ya Pili maelfu kwa maelfu ya vijana wa Kenya waliingia jeshini, na wengi walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Waruhiu Itote, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jenerali China, alikuwa mmoja wao. Huko walijifunza kulenga shabaha, kuvizia, na kuishi katika msitu mnene. Walijifunza pia kwamba Mzungu akipigwa risasi hufa kama mtu mwingine yeyote. Vita vilipokwisha, bunduki zilirudi ghalani na askari wakarudi kwenye ardhi iliyokwisha kugawanywa. Mlowezi aliweka silaha nyumbani kwake. Mwafrika aliyetaka yake alikuta mlango umefungwa. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ujuzi wa vita ulikuwepo vichwani mwa watu, ila chombo cha kuutumia hakikuwepo mikononi mwao. Bomba la maji lilikuja kuziba pengo hilo.

Lilikuwa chombo kibaya, na sioni sababu ya kulipamba. Lilipiga risasi moja, kwa umbali mfupi, kisha likahitaji kupakiwa upya, na mara nyingine lilipasuka usoni pa mwenye kulishika. Kumbukumbu zilizoandikwa na waliotoka msituni, ya Itote ikiwa mojawapo, hazifichi udhaifu huo. Thamani yake ilikuwa katika kuizaa bunduki nyingine: mtu aliyemvizia askari njiani akiwa na risasi moja, akafanikiwa, aliondoka na bunduki ya kiwandani. Hata pale ilipokuwa haifyatuki, ilitosha kumfanya adui adhani kwamba kundi zima lina silaha za moto. Njia yenye faida zaidi ilikuwa kuvamia vituo. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji waliingia katika kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungulia mahabusu na kuondoka na makumi ya bunduki pamoja na risasi.

Usiku huohuo, kule Lari, silaha zilikuwa panga na moto, na waliouawa walikuwa familia za Waafrika wenzao, wanawake na watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Kisha vyombo vya serikali na wafuasi wake wakalipiza kwa mauaji mengine. Nayataja haya pamoja kwa makusudi, maana wapo wenzangu wanaoisimulia Naivasha na kuiruka Lari, na wapo wanaosimulia Lari peke yake. Propaganda ya kikoloni ilikuwa ya kundi hili la pili. Panga, ambalo kila mkulima alikuwa nalo shambani, liligeuzwa kuwa ushahidi wa ushenzi wa mtu aliyelishika, ilhali ndege za Lincoln zilizodondosha mabomu juu ya Nyandarua na Mlima Kenya ziliandikwa katika lugha safi ya operesheni. Nafikiri kicheko cha darasani kwangu kina asili huko, ingawa waliocheka hawajui.

Silaha hii, hata hivyo, haikutoka msituni peke yake. Wagikuyu walikuwa na wahunzi kabla reli haijafika, na Nairobi iliongeza mafundi wa karakana, wa baiskeli na wa mabomba. Risasi zilitoka mjini vilevile: ziliibwa, zilinunuliwa kutoka kwa askari, na mara nyingi zilisafirishwa na wanawake, ambao hawakushukiwa upesi. Ndiyo maana pigo zito kabisa halikupigwa mlimani. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, yakawakamata maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Tangu hapo msitu ulibaki na mitutu iliyozidi kukosa risasi.

Sheria, kwa upande wake, haikuicheka bunduki hiyo hata kidogo. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha au risasi bila kibali lilikuwa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa mauaji. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, alitiwa hatiani kwa kumiliki bastola na risasi. Hapo nikawageukia wanafunzi: fikirini juu ya fundi anayeketi gizani na tupa yake, akijua kwamba kitu kinachoweza kumlipukia mkononi kinaweza pia kumtia kitanzi kabla hakijafyatuliwa hata mara moja. Hakuna aliyecheka.

Marufuku ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 kwa mateso waliyoyapata chini ya utawala wake. Majenerali wamepewa mitaa na sanamu, japo kwa kuchelewa. Wahunzi sijawaona popote.

Kipindi kilipokwisha, yule kijana aliyeuliza swali alibaki nyuma akitaka kuiona picha tena. Aliniambia babu yake, huko Murang'a, alikuwa fundi wa baiskeli, na kwamba nyumbani hakuna aliyewahi kueleza kwa nini alikaa miaka minne kizuizini. Nikamwuliza kama babu yu hai. Akasema yu hai, ila hasikii vizuri. Nikampa daftari jipya, nikamwambia aende mwishoni mwa wiki, asingoje likizo.