Walichonyweshwa Wakimbiaji wa Masafa

Mtu akusudiaye leo kukimbia mbio zake za kwanza za masafa marefu hukutana, hata kabla hajanunua viatu, na washauri wengi wa siha: mmoja humwagiza anywe unga wa mlonge kila asubuhi, wa pili humuusia juisi ya bitiruti, tangawizi na asali, wa tatu humkataza sukari kabisa, na wa nne humwambia anywe maji mengi kadiri tumbo lake litakavyoyamudu. Ushauri huo wote huja ukisifiwa kuwa ni wa asili. Na kwa kuwa sisi tulilelewa na bibi zetu kwa majani na mizizi, na wengi wetu tukapona, ni nadra mtu kuuliza tiba aliyopewa imewafanya nini waliomtangulia kuijaribu. Kwa sababu hiyo naona historia ya mbio hizi yafaa iingiwe kwa mlango usiozoeleka, si kwa kuhesabu washindi na saa zao, bali kwa kutazama vitu vilivyotiwa vinywani mwao njiani, maana humo mna miaka zaidi ya mia ya imani na ushupavu, na ya maarifa yaliyonunuliwa kwa miili ya watu.

Tarehe 30 Agosti 1904, katika mji wa St. Louis, Marekani, wanaume 32 walianza marathoni ya Michezo ya Olimpiki, safari ya kilomita 40 hivi, wakati wa alasiri yenye joto la nyuzi 30 na zaidi, juu ya barabara za mashamba zilizojaa vumbi jingi, ambalo magari ya waamuzi na matabibu yaliyokuwa yakifuatana nao yalilitimua likawaingia mapafuni. Maji yaliwekwa mahali pachache mno, na kisima kilichotegemewa kilikuwa karibu na nusu ya njia, kwani James Sullivan, aliyekuwa msimamizi wa michezo hiyo, anatajwa kuwa alitaka kuona mwili wa binadamu hufanya nini ukinyimwa maji. Jawabu alilipata siku ile ile: waliofika mwisho walikuwa 14 tu, na mmoja wa walioshindwa, William Garcia wa California, aliokotwa kando ya njia akiwa taabani, damu ikimtoka ndani kwa vumbi alilolimeza.

Mshindi alikuwa Thomas Hicks, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, na habari zake zimehifadhiwa kwa urefu kwa sababu mmoja wa waliomhudumia njiani alikuja kuziandika katika kitabu. Zilipokuwa zimebaki kilomita kama 16, Hicks aliomba maji ya kunywa. Wahudumu wake wakamkatalia, wakampangusa kinywa kwa sifongo iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu. Miguu yake ilipoanza kulegea walimpa miligramu moja hivi ya striknini pamoja na ute wa yai; na alipozidi kufifia, uso ukimgeuka rangi kama majivu, wakampa mara ya pili, safari hii pamoja na mayai na brandi. Kilomita za mwisho alikwenda akiona yasiyokuwapo, akidhani mwisho ungali mbali mno, naye akavuka mstari akiburura miguu na kukimbiliwa na matabibu. Saa yake ilikuwa 3 na dakika 28 na ushei, na hakuna bingwa wa marathoni ya Olimpiki, kabla yake wala baada yake, aliyechukua muda mrefu kama huo.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa tiba za asili hawana budi kulikabili kwa moyo mkunjufu. Striknini haikubuniwa na kiwanda: ni kiini cha mbegu za mti uotao India na kusini-mashariki ya Asia, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Strychnos nux-vomica, na matabibu wa Ulaya wa karne ya 19 waliisifu kama dawa ya kuutia nguvu mwili uliochoka. Kazi yake ni kuiondoa breki ya neva, hata misuli ikashtuka kwa kuguswa kidogo tu. Kiasi kikizidi, misuli yote hukakamaa pamoja, ile ya kupumulia ikiwamo, na mtu hufa akili yake ingali timamu. Mtonga wetu, ambao watoto wa bara huvunja tunda lake na kufyonza nyama yake tamu, ni jamaa wa karibu wa mti huo. Basi katika ukoo mmoja wa miti yamo matunda na imo sumu, na aliyewaonyesha watu mpaka uliopo baina ya hivi viwili ni mzoefu aliyerithi ujuzi wa kipimo kutoka kwa wazee wake. Bibi zetu hawakututibu kwa kuwa jani ni jani, walijua jani gani, la kuchemsha mara ngapi, na la kumpa mgonjwa yupi.

Siwezi kuiacha St. Louis bila ya kuwataja Len Tau na Jan Mashiani, Watswana wawili wa Afrika Kusini waliokuwa mjini humo kwa ajili ya maonyesho ya Vita vya Makaburu, na ambao wakati wa vita hivyo walifanya kazi ya utarishi. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Wote wawili walimaliza njia iliyowashinda watu 18, na Tau akawa wa tisa ingawa, kama isimuliwavyo, mbwa alimfukuza akamtoa njiani masafa makubwa. Yanihuzunisha kuona majina yao yametajwa kwa haraka vitabuni, ilhali kila funda alilonyweshwa Hicks limeandikwa.

Miaka minne baadaye, London, kanuni za marathoni zilikataza dhahiri mkimbiaji kupewa dawa yoyote mwanzoni au njiani. Walakini mvinyo haukuhesabiwa dawa. Charles Hefferon wa Afrika Kusini alikuwa akiongoza, na uwanja ukikaribia, alipopokea shampeni kutoka kwa mtazamaji mmoja. Tumbo likamsokota, Dorando Pietri wa Italia akampita, kisha Johnny Hayes wa Marekani. Pietri naye aliingia uwanjani akiwa amepotewa na fahamu, akaelekea upande usiokuwa wake, akaanguka na kuinuliwa mara kadhaa, na kwa kuwa aliinuliwa alinyang'anywa ushindi, ukaenda kwa Hayes. Masafa ya siku hiyo, kilomita 42 na mita 195, ndiyo yaliyokuja kuwa kipimo cha marathoni duniani kote.

Mwanga wa kwanza wa elimu ulitoka Boston. Mwaka 1924 matabibu waliwapima damu wakimbiaji waliomaliza marathoni ya mji huo, wakaona ya kuwa waliofika hoi, wenye kutetemeka na kuweweseka, walikuwa na sukari ndogo sana katika damu. Mwaka uliofuata wakawashauri wale wanga kwa wingi kabla ya mbio na kutafuna peremende njiani, na hali ya wakimbiaji ikawa bora. Jambo hilo lilikuwa jepesi, la bei ya senti chache, lakini halikuenea upesi. Maji nayo yaliendelea kudharauliwa kwa miongo mingi, kwani kunywa kulihesabiwa unyonge. Jim Peters wa Uingereza, mtu mwenye kasi kuliko wote wa zama zake, aliingia uwanja wa Vancouver mwaka 1954 akiwa amewaacha wenziwe kwa dakika kama 17, siku ya jua kali, bila ya kunywa. Akaanguka mara nyingi katika mita chache, hakuufikia mwisho, wala hakukimbia marathoni tena maishani mwake.

Halafu mizani ikalalia upande wa pili. Mwaka 1965 Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichanganya maji, chumvi na sukari kwa ajili ya wachezaji wao, na katika miaka iliyofuata biashara ya vinywaji ikakua sana, na pamoja nayo mahubiri ya kwamba mkimbiaji anywe kabla ya kiu, anywe tena, na azidi. Waliodhurika zaidi ni wale wa mbio za kwanza, wenye mwendo wa pole na nafasi ya kunywa kila meza. Uchunguzi uliofanywa katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionyesha kuwa katika wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, na dalili kubwa iliyofuatana na upungufu huo ilikuwa ni kuongezeka uzito wakati wa mbio, yaani kunywa kupita jasho lililotoka. Hali hiyo ikizidi, ubongo huvimba.

Mbio zangu za kwanza nilizikimbia Moshi, katika njia ipandayo Mweka baina ya migomba na mibuni, nami nilikuwa nimejiwekea mwenendo nilioupata kwa kusoma habari hizi: kulala mapema, uji wa ulezi asubuhi, ugali na maharage jioni, na maji kwa kadiri ya kiu. Kwenye meza moja mlimani niliona kijana akinywa kikombe juu ya kikombe, tumbo lake likisikika, na mama mmoja mhudumu, mwenye kanga kiunoni, akamwondolea kikombe cha nne mkononi kwa upole na kumpa kipande cha ndizi na chumvi kidogo kiganjani. Sijui alifundishwa na nani, ila alikuwa sahihi. Madafu, niliyoyapenda na ningali nayapenda, yana potasiamu nyingi na sodiamu haba, hali jasho hupoteza sodiamu zaidi. Basi niliyaacha yawe kiburudisho cha baadaye, wala sikuyategemea njiani.

Mwaka 2004 wataalamu walitoa matokeo ya kupima kwa siku saba kila kilicholiwa na kunywewa na wakimbiaji kumi hodari wa Kenya kambini kwao, wakakuta zaidi ya robo tatu ya nguvu ya chakula chao inatokana na wanga, hasa ugali, wali, mkate, viazi na sukari; mboga zao ni sukuma wiki na kabichi, nyama ni kidogo, na wanakula mara tano kwa siku. Kinywaji chao kilikuwa ni maji, kiasi cha lita moja pungufu kidogo kwa siku, na chai ya maziwa yenye sukari kwa kiasi kama hicho.