Kubadilisha giaboksi na fito za gia katika Peugeot kuukuu: Mambo ya kuzingatia

GARI linaloteremka mlima likiwa na mzigo hutegemea breki mbili. Ya kwanza ni ile iliyo chini ya mguu wa dereva. Ya pili ni injini yenyewe, ambayo hulizuia gari kukimbia maadamu gia imeshika. Gia ikichomoka katikati ya mteremko, breki hiyo ya pili hutoweka mara moja, na uzito wote huiangukia ya kwanza.

Ndiyo maana katika eneo la vilima kama Masimba, Masaba Kusini, Kaunti ya Kisii, giaboksi iliyochoka ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la starehe ya dereva. Mmiliki wa gari kuukuu huko hupanda na kuteremka karibu kila aendako, na mvua za nyanda za juu za Gusii huzifanya barabara za udongo kuwa telezi.

Miongoni mwa magari ya zamani yaliyojipatia sifa nchini Kenya, Peugeot 404 na Peugeot 504 zina nafasi ya pekee. Kwa miaka mingi, zile za muundo wa stesheni wagoni zilibeba abiria kati ya miji, nazo pikapu zikabeba mazao ya wakulima.

Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1960, na ikashinda mashindano ya Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Nduguye, 504, ilizinduliwa mwaka wa 1968, ikatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka wa 1969 na kushinda Safari Rally mwaka wa 1975. Gari la 504 la muundo wa kupe lilishinda tena mwaka wa 1978. Magari ya 504 yaliendelea kuunganishwa humu nchini hadi mwaka wa 2004.

Hii ina maana kwamba hata 504 ya mwisho kuunganishwa Kenya imepita umri wa miaka 20, na nyingine zimetimu nusu karne. Sehemu nyingi za magari hayo zimekwisha kubadilishwa mara kadhaa, giaboksi ikiwemo.

Gia ya kwenye usukani

Magari mengi ya 404 na 504 yana mkono wa gia uliofungwa kando ya mhimili wa usukani, wala si sakafuni. Mkono huo hauigusi giaboksi. Hufanya kazi kupitia fito za chuma zinazopita upande wa injini hadi kwenye vikono vidogo vilivyo ubavuni mwa giaboksi.

Kazi imegawanywa mara mbili. Ufito mmoja huchagua jozi ya gia, kwa mfano ya kwanza na ya pili, au ya tatu na ya nne. Ufito wa pili huisukuma gia iliyochaguliwa hadi ishike. Ncha za fito zina vikombe vidogo vinavyokaa juu ya tufe za chuma, na baina yake huwekwa bushi za plastiki au mpira ili kuzuia mkwaruzo na mtikisiko.

Bushi hizo zikilika, mkono wa gia hucheza kama jino bovu. Dereva huusukuma hadi mwisho wa njia yake akidhani gia imeingia, kumbe ndani ya giaboksi meno yameshikana nusu tu. Gari likiteremka, injini nayo ikilizuia, meno hayo husukumana na gia hutoka.

Hapo ndipo gharama kubwa huzaliwa. Meno yanayoshikana nusu huliana pembeni, na kadiri siku zinavyosonga hata giaboksi nzima huharibika. Anayefunga giaboksi nyingine na kuziacha fito zilezile zilizolegea huwa amekipeleka chombo kizima mahali palipokiharibu cha kwanza.

Kutambua chanzo cha hitilafu

Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi anapaswa kubaini ugonjwa uko wapi. Mkono ukiwa umelegea katika gia zote, lawama ya kwanza ni ya fito na bushi. Gia moja pekee ikichomoka ilhali fito ni imara na zimepimwa vyema, tatizo huenda liko ndani ya giaboksi.

Kelele pia husema. Mvumo unaosikika gari likiwa limesimama katika nyutro, kisha ukakoma klachi inapokanyagwa, huashiria beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Kelele inayozuka klachi inapokanyagwa huielekea beringi ya klachi. Gia zote zikikwaruza wakati wa kuingia, yamkini klachi haiachii kikamilifu, na giaboksi haina kosa.

Aidha, kuna mipira inayobeba injini, ambayo mafundi huiita mauntingi. Mhimili wa usukani umefungwa kwenye bodi ya gari, lakini giaboksi imefungwa kwenye injini na hutikisika pamoja nayo. Mipira ikichakaa, injini husogea kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, na msogeo huo huzivuta fito hata kuitoa gia. Wako waliobadilisha giaboksi ilhali dawa ilikuwa mipira.

Kuchagua giaboksi mbadala

Peugeot 404 za mwanzo zilitumia giaboksi ya aina ya C3. Ile ya 504 hujulikana kama BA7, ambayo ilikuwa na gia nne, na baadaye ikatolewa pia yenye gia tano. Kwa kuwa sehemu nyingi hupatikana kutoka magari yaliyokufa, ni muhimu kulinganisha giaboksi mbili zikiwa chini, ubavu kwa ubavu, kabla ya fedha kutolewa.

Mambo ya kulinganishwa ni urefu, matundu ya bolti, meno ya shafti ya mbele yanayoingia kwenye klachi, mahali pa kuunganisha waya wa spidomita, na hasa vikono vya ubavuni. Giaboksi iliyotoka kwenye gari lenye gia sakafuni huenda isipatane na fito za usukani. Ni busara kununua giaboksi pamoja na fito zake inapowezekana.

Shafti izungushwe kwa mkono katika kila gia. Izunguke bila kukwama, na mtu asikie tofauti ya mwendo gia zinapobadilishwa. Oili iliyobaki imwagwe katika chombo safi. Vumbi laini la chuma ni jambo la kawaida, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho ni ushahidi wa meno au beringi zilizovunjika.

Kuishusha ya zamani

Kazi ifanyiwe mahali tambarare, juu ya shimo la kutengenezea magari au gari likiwa juu ya stendi imara za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kumlinda mtu aliye chini ya gari. Ikumbukwe kwamba giaboksi ikishatoka, gari haliwezi tena kuzuiwa kwa gia. Kwa hivyo magurudumu yazibwe kwa vigingi mbele na nyuma.

Waya wa betri hutolewa kwanza, kisha oili humwagwa. Fito hutiwa alama kabla ya kuchomolewa ili ijulikane kila moja ilikaa wapi na kwa urefu gani. Baada ya hapo hufunguliwa waya wa spidomita, waya wa taa ya kurudi nyuma, stata na bomba la mbele la ekzosi. Katika magari yenye klachi ya mafuta, silinda ndogo ya klachi huweza kutolewa na kufungwa kando bila kufungua paipu yake, mradi mtu yeyote asikanyage pedali.

Peugeot hizi zina tofauti moja ambayo humkanganya fundi aliyezoea magari ya Kijapani. Shafti inayopeleka nguvu nyuma imefichwa ndani ya bomba la chuma linaloiunganisha giaboksi na difu. Haiwezi kufunguliwa kwa bolti nne na kuangushwa kando. Bomba hilo lazima litenganishwe na giaboksi na lipewe nafasi ya kusogea, huku likiwa limeegemezwa.

Injini nayo lazima iegemezwe kwa jeki na ubao kabla giaboksi haijaachiliwa, kwa kuwa hubebwa kwa pamoja. Giaboksi ivutwe moja kwa moja kuelekea nyuma na watu wawili au jeki maalumu. Isiachwe hata kidogo ining'inie kwa shafti yake ya mbele, kwani sahani ya klachi hupinda.

Kuifunga mpya

Giaboksi ikiwa nje, klachi, beringi yake na sili ya nyuma ya injini hukaguliwa. Kuziacha sehemu zilizochakaa ili kuokoa fedha ni kujiandalia kazi ileile kwa mara ya pili. Sahani ya klachi lazima iwekwe katikati barabara kwa kutumia shafti kuukuu au kijiti kilichochongwa kwa kipimo, la sivyo giaboksi itagoma kuingia.

Iingizwe kwa kusawazishwa na kuzungushwa polepole. Kamwe bolti zisitumiwe kuivuta kwa nguvu, maana gamba lake ni la aloi ya alumini na hupasuka.

Kuhusu oili, kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi. Giaboksi hizi ziliundwa kutumia oili ya aina ya injini, tofauti na oili nzito ya difu ambayo wengi huimwaga humo kwa mazoea. Oili nzito kupita kiasi huzifanya gia kuwa ngumu kuingia, hasa asubuhi za baridi.

Kupima fito

Hatua hii huchukua muda mfupi kuliko zote, na ndiyo inayoamua hatima ya kazi nzima. Bushi mpya huwekwa, tufe husafishwa na kupakwa grisi. Tufe iliyolika upande mmoja haifai kurudishwa.

Mkono wa gia huwekwa katika nyutro, na vikono vya giaboksi pia. Kisha urefu wa kila ufito hurekebishwa hadi kikombe chake kikae juu ya tufe bila kulazimishwa. Nati ya kufungia hukazwa hapo.

Injini ikiwa imezimwa, kila gia hujaribiwa, ikiwemo ya kurudi nyuma, huku mtu wa pili akitazama vikono. Kila kikono kifike mwisho wa njia yake kabla mkono wa gia haujagonga mwisho wa wake. Mkono ukitangulia kugonga, gia hiyo haijaingia kamili, na kipimo lazima kirudiwe.

Jaribio la barabarani lianzie tambarare, kisha mlima mdogo, na mwishowe mteremko mfupi gari likiwa tupu, gia ya pili au ya tatu ikiwa imeshika na mguu ukiwa tayari kwenye breki. Kila gia ipewe nafasi ya kuizuia gari bila mafuta kukanyagwa. Ikichomoka hata mara moja, gari lirudi kwa fundi kabla ya kupakiwa mzigo au abiria.

Baada ya siku chache za matumizi, bolti zikaguliwe upya, oili itazamwe kama inavuja, na fito zipimwe tena kwa kuwa bushi mpya hujikalisha. Wakati wa mvua, tope na mchanga huingia kwenye tufe, hivyo grisi iongezwe mara kwa mara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bushi ndogo ya plastiki ndiyo ufa wenyewe.