Mzega wa Mwandishi: Kazi, Nyumba na Kalamu katika Historia ya Kwihara

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hii hutajwa mara nyingi mbele ya mtu aliyeajiriwa ambaye, baada ya saa za kazi, hujasiri kushika kalamu na kutunga. Huambiwa achague: ama awe mtumishi mwema, ama awe mtunzi. Na kama ana mke na watoto, huambiwa kwamba amekwisha kushika matatu, na kwa hiyo hana budi kuponyokwa na mawili. Sisi tumeisikia methali hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Tumeajiriwa katika upimaji wa ardhi, tuna nyumba ya kulea, na tumekuwa tukitunga mashairi tangu tulipomaliza shule ya sekondari. Katika insha hii twataka kuipima methali yenyewe, si kwa hasira, bali kwa kipimo cha historia. Na mahali tulipopachagua kusimamisha chombo chetu cha kupimia ni Kwihara.

Kwihara ni kijiji kilicho kilometa chache tu kusini ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Katika karne ya kumi na tisa hapa palikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi, kisha ikagawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine ikaelekea kusini. Pembe za ndovu, nguo, shanga na, kwa masikitiko makubwa, binadamu wenzetu waliofungwa minyororo, walipita katika njia hizo.

Waliobeba uzito wa biashara hiyo walikuwa hasa wapagazi wa Kinyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili sabini hivi. Watu husifu mabega ya Wanyamwezi, nao wana haki. Lakini twadhani kwamba kipo kitu kikubwa kuliko mabega, nacho ni hesabu yao ya majira. Wengi wao waliondoka makwao baada ya mavuno, wakajitahidi kurejea kabla ya mvua, ili waingie shambani pamoja na jamaa zao. Hawakuiacha safari kwa sababu ya jembe, wala hawakulitupa jembe kwa sababu ya safari. Kila kimoja kilipewa msimu wake. Mtu achukuaye mzega hufanya vivyo hivyo: mti ni mmoja, bega ni moja, lakini mizigo ni miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akiondoa mmoja ghafula, ule uliosalia humwangusha.

Sasa na tuingie katika tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho. Tarehe 18 Februari 1872 walifika hapo watu wawili kutoka Ujiji: David Livingstone, na Henry Morton Stanley, mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi watakaoletwa kutoka Unguja, naye alingoja hadi tarehe 25 Agosti. Siku tano baada ya kuagana na Stanley alitimiza umri wa miaka 59.

Hatumtaji mtu huyu kwa ajili ya kumtukuza mgeni, wala hatusahau kwamba safari za wageni zilitangulia kutawaliwa kwetu. Twamtaja kwa kuwa maisha yake ni darasa la jambo tunalolichunguza. Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, na alipokuwa na umri wa miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake akifanya kazi alisoma sentensi moja, kisha nyingine. Hakungoja apewe siku nzima. Alizitumia nukta zilizoanguka chini kama punje.

Desturi hiyo aliichukua hadi Afrika. Alipokuwa njiani alikuwa na vidaftari vidogo, akaandika humo vipimo vya jua na nyota, mwelekeo wa mito, majina ya vijiji na mambo aliyoyaona. Alipopata kituo cha kupumzika, aliyanakili na kuyapanga katika kitabu kikubwa. Mwaka 1871, alipokuwa Manyema, karatasi zilimwishia na wino ukamwishia. Akachukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, na wino wake ulikuwa maji ya mimea. Yafaa wanafunzi wetu walikumbuke jambo hili kila wanaposema kwamba hawana vifaa.

Kwihara ilikuwa kituo cha kitabu kikubwa. Katika miezi ile ya kungoja aliandika barua nyingi, na moja katika hizo ilikusudiwa kwa gazeti lile la New York Herald, kuwaomba Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki. Maneno yaliyotoka katika barua hiyo yamechongwa juu ya jiwe la kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, mjini London. Hivyo sentensi inayosomwa na maelfu ya watu katika mji ule iliandikwa chini ya paa la udongo la tembe la Kwihara.

Mpaka hapa mtu aweza kusema: basi methali imeshindwa, mtu huyu alishika mawili na hakuna lililomponyoka. La hasha. Tutazame mzigo wa tatu. Mwaka 1852 Livingstone aliipeleka familia yake Uingereza kutoka Cape Town, ili yeye apate kusafiri. Mkewe Mary alipomfuata tena alifariki dunia kule Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Mwanawe Robert alikufa Marekani mwaka 1864, baada ya kutekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijutia jambo moja: hakuwapa watoto wake wakati wa kucheza nao. Jioni zilimkuta amechoka kwa kazi, na alipopata kulitambua kosa, hakuwa tena na mtoto wa kucheza naye. Stanley alipoondoka Kwihara alichukua kitabu kile kikubwa, kimetiwa lakiri, kiende kwa binti yake Agnes. Binti alipata maandishi ya baba, lakini baba hakumwona tena. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia.

Hapa hatuna budi kukiri habari yetu wenyewe. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, tulikuwa tukitunga shairi juu ya mapenzi ya baba kwa mwana. Mwanetu alikuja mara tatu na daftari lake la hesabu, nasi mara tatu tukamwambia asubiri kidogo. Tulipomaliza beti ya mwisho tulimsomea mama watoto kwa furaha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Shairi lako zuri, lakini mwenyewe amekwisha lala." Tulipogeuka tulimwona mtoto amelalia daftari, kalamu ya risasi ingali mkononi. Shairi lile hatukulipeleka popote.

Tuirudie Kwihara. Tarehe 14 Agosti 1872 walifika pale watu 57 walioletwa na Stanley kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja, Myao kwa asili, jina lake Jacob Wainwright. Alikuwa ameokolewa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akasomeshwa katika shule ya Nasik. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa ya msafara, lakini kalamu ilikuwamo katika mzigo wake. Livingstone alipofariki, wenzake waliokuwa wakiongozwa na Susi na Chuma walimwita Jacob aandike orodha ya mali ya marehemu, ili pasiwe na neno baadaye. Ndiye aliyesoma sala ya maziko, na ndiye aliyechonga maandishi katika gome la mti. Kisha mwili ulikaushwa, wakaanza kuubeba kwenda pwani.

Mnamo Oktoba 1873 walifika tena Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa amepelekwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri mwili uzikwe hapo hapo. Wakakataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya upimaji; mwili hakuupata. Wao wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na katika mwendo huo wote, wenye vita, njaa na maradhi, Jacob Wainwright aliandika shajara. Aliandika akiwa kazini, bila tembe la kupumzikia na bila mtu wa kumngojea. Tafsiri ya shajara hiyo kwa Kijerumani ilichapwa mwaka ule ule wa 1874. Mwezi Aprili alikuwa miongoni mwa waliochukua jeneza katika Westminster Abbey. Baadaye alirejea Afrika, akafariki mwaka 1892 huko Urambo, si mbali na Kwihara yetu. Kila mwalimu wa Tabora afundishaye habari za Livingstone angefaa kulitamka na jina la Jacob Wainwright, kwa kuwa yeye alikuwa mpagazi wa mizigo na mpagazi wa maneno pia.

Wako walioahirisha kuandika hadi kazi iishe. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Unyanyembe, alitumia miaka yake ya nguvu katika biashara ya pembe na watumwa. Alipokwisha kustaafu Unguja ndipo alipoyaandika maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapwa Ujerumani katika miaka ya 1902 na 1903. Njia hii imetupatia kitabu chenye thamani kwa historia, ingawa matendo yasimuliwayo humo mengi ni ya kuhuzunisha. Lakini ni njia ya bahati nasibu, kwa kuwa si kila mtu hupewa uzee.

Mfano tuupendao zaidi haukutoka Unyamwezi, bali Tanga. Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926. Alihudumu Idara ya Forodha hadi 1944, kisha Idara ya Wanyama kule Mpwapwa, kisha akarudi Tanga, na tangu 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji. Kwa hiyo sisi wapimaji tuna haki kidogo ya kujivuna. Katika miaka hiyo hiyo ya uhamisho na mshahara mdogo aliandika vitabu zaidi ya ishirini. Tena mkewe Amina alipofariki, akabaki na watoto, hakuona kwamba nyumba imekuwa adui wa kalamu. Alimtungia binti yake utenzi wa mausia, akamtungia na mwanawe utenzi mwingine. Kile kilichomkosesha Livingstone furaha, Shaaban Robert alikifanya kuwa chemchemi: malezi yakawa utunzi, na utunzi ukawa malezi.

Wala cheo kikubwa si udhuru. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora tangu 1937 na baadaye akafundisha shule ya St. Mary's katika mji huo huo, alikuwa Rais wa nchi tafsiri yake ya Julius Caesar ilipochapwa mwaka 1963. Mwaka 1969 aliitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Kama Ikulu ilikuwa na nafasi ya mizani na vina, basi ofisi ya wilaya haikosi.

Je, methali imesema uongo? Haikusema uongo. Mshika mawili kwa mkono mmoja humponyoka moja, na historia ya Livingstone ni ushahidi. Lakini wahenga hawakukataza mtu kuchukua mzega. Mzega hutaka mambo matatu. Kwanza, msimu: kazi ya mwajiri na ifanywe kwa saa zake bila wizi, na kalamu ipewe saa yake, hata ikiwa ni nusu saa kabla ya alfajiri. Pili, daftari dogo: wazo likamatwe papo hapo, lisafishwe baadaye. Tatu, na hili ndilo lililotugharimu kulijifunza, nyumba isihesabiwe kuwa kizuizi. Nyumba ndiyo bega lenyewe; bega likiumia, mizigo yote miwili huanguka.

Walimu wenzetu katika ulezi, mnao wanafunzi ambao kesho watakuwa wauguzi, mafundi, makarani na wakulima. Wachache sana watalipwa kwa ajili ya kutunga. Msiwaambie kwamba kwa sababu hiyo waache. Wapelekeni Kwihara, wasimame mlangoni pa tembe, muwasimulie habari za mzee aliyeandika sana na akajuta, na za kijana aliyebeba na kuandika. Kisha kila mmoja apewe daftari dogo.

Sisi nasi tungali tukitunga. Daftari lipo, na kila jioni huwekwa juu ya meza. Lakini halifunguliwi mpaka hesabu za wajukuu zimekwisha.