Kalamu ya Wino na Siri ya Tone Lisilodondoka

Kabla ya kalamu hii ya wino, mafundi wa khati ya Kiarabu walichonga mwanzi, wakaupasua ncha, na kutia nyuzi za hariri kidauni ili wino uchukuliwe kwa kiasi. Lewis Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa kalamu yake ya namna hii, yenye wino tumboni mwake.

Tazama chini ya nibu: vijia vyembamba kama unywele hushusha wino na kupandisha hewa mahali pake, na mizani hiyo ikiharibika, wino hukatika au hudondoka na kuchafua waraka.

Hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, siri hiyo hudhihirika, kwani kalamu iliyojazwa nusu huko pwani, ikipandishwa huku, na zaidi kileleni mwa Mlima Meru, kupita mita 4,500, hewa iliyomo hutanuka na kuusukuma wino nje. Ndiyo sababu msafiri mwangalifu huijaza tele na kuielekeza nibu juu.

Kalamu hii imehifadhiwa ili tuwakumbuke kwa heshima makarani na walimu, ambao amana ya maandishi yao ilitegemea tone moja.