Mulimuli na Lugha ya Dawa za Wanawake katika Ugogo

Katika mapori ya Ugogo humea mti mdogo ambao Wagogo huuita mulimuli, nao Wanyamwezi huuita mlundalunda. Mwisho wa kiangazi hutoa maua ya manjano, kisha makunde marefu mfano wa fimbo. Mtaalamu wa mimea Daniel Oliver aliupa jina la Cassia abbreviata mwaka 1871.

Mizizi yake ni dawa ya tangu zamani, lakini sifa yake ilifika Ulaya kwa njia ya homa. Mwaka 1902 Daktari O'Sullivan-Beare, makamu wa balozi wa Uingereza kisiwani Pemba, aliieleza kuwa dawa ya homa ya mkojo mweusi, ugonjwa uliowaua Wazungu wengi, naye E. M. Holmes wa London akaupa mti jina la daktari huyo, Cassia beareana. Baadaye jina hilo liliwekwa chini ya lile la Oliver, likabaki kuwa jina la namna moja tu ya mti huo.

Matumizi ya wanawake hayakupata heshima hiyo. Mizizi hiyo hiyo huchemshwa kwa ajili ya maumivu ya hedhi na ya tumbo la uzazi, na sasa watu wengine huitaja hata kwa ukomo wa hedhi. Hapo ndipo pana haja ya kupima maneno. Katika Kiswahili tumbo ni mahali pa chakula, tena ni mahali pa mimba. Chango nalo ni maumivu ya utumbo, tena ni maradhi ya uzazi. Basi aulizaye, akaambiwa "dawa ya tumbo" au "dawa ya chango", bado hajajua dawa hiyo ni ya msichana, ya mzazi, au ya mwanamke aliyekoma hedhi.

Kosa la tafsiri hapa si dogo. Damu itokayo mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma yaweza kuwa dalili ya saratani, nayo yataka daktari upesi. Ikiitwa chango na kutulizwa kwa mizizi, ugonjwa hupata nafasi ya kukua. Tangu Sheria ya Tiba za Asili ya mwaka 2002 waganga wanatambuliwa na serikali ya Tanzania. Yafaa basi na maneno yao yaandikwe kwa ukamilifu: jina la mti katika Kigogo, maradhi kama mgonjwa mwenyewe ayatajavyo, na umri wake.