Damu ya Kidole, Damu ya Mshipa: Kupima Sukari Dzaleka na Lilongwe

Upimaji wa sukari ya damu maabarani ulitegemea damu ya mshipa. Njia ya Otto Folin na Hsien Wu, iliyoenea kutoka Marekani baada ya 1919, ilihitaji maabara na mtaalamu. Pia ilihesabu kemikali nyingine za damu kana kwamba ni sukari, hivyo majibu yake yalizidi kiwango halisi. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Ames ilitoa Dextrostix, kijikaratasi kilichobadilika rangi kwa tone la damu ya kidole. Mwaka 1970 ikaongeza mashine ya kusoma rangi hiyo.

Tangu hapo kukawa na vipimo viwili visivyolingana. Mtu asiyekula tangu usiku hupata majibu yanayokaribiana kwenye kidole na mshipa. Akishakula, kidole husoma juu zaidi, kwa sababu damu yake bado haijapokonywa sukari na misuli. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilizingatia jambo hili: saa mbili baada ya kunywa glukosi, kisukari kilihesabiwa kuanzia milimoli 10.0 kwa lita katika damu nzima ya mshipa, lakini 11.1 katika damu ya kidole. Plazima, yaani majimaji yaliyotengwa na chembe, husoma takriban asilimia 11 juu ya damu nzima. Ndiyo maana kikomo cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 6.1 kwa damu nzima na 7.0 kwa plazima.

Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ni kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1994. Kutoka hapo hadi Lilongwe ni takriban kilomita 40, na umbali huo una maana kwa damu ya mshipa inayosafirishwa hadi maabara. Chembe nyekundu huendelea kula sukari ndani ya kichupa, asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huzidisha kasi. Damu yenye 7.4 ikikaa saa mbili bila kutenganishwa yaweza kusoma 6.5, na mgonjwa akaambiwa hana kisukari. Floridi inayowekwa kwenye kichupa ili kuhifadhi sukari haizuii upotevu wa saa ya kwanza. Hapa kidole kilichopimwa papo hapo chaweza kuwa shahidi bora kuliko maabara ya mbali.

Kidole nacho kina kasoro zake. Upungufu wa damu, ambao malaria huuleta mara nyingi, huzifanya glukomita nyingi, yaani mashine za kupimia sukari kwa tone la damu, zisome juu. Maji ya embe yaliyobaki kwenye ngozi hufanya vivyo hivyo, na pamba yenye spiriti haitoshi kuyaondoa. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe.

Mwaka 2005 wataalamu wa kimataifa wa kemia ya tiba walipendekeza vifaa vyote vitoe majibu ya plazima, kwa kuzidisha ya damu nzima kwa 1.11. Kwa hiyo anayelinganisha daftari la zamani na la sasa hana budi kujua kwanza kifaa kipi kilitumika, damu ilitolewa wapi, na mgonjwa alikula saa ngapi.