Anime ya kwanza: mwanzie kwenye mpunga

Wadau, anayesema anime ni katuni za watoto humpati mara mbili. Ukimwanzishia Dragon Ball Z yenye sehemu 291, atachoka kabla hajanogewa.

Kwa mtu wa Rau, mimi naanzia kwenye mpunga. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani, unaotumia pia maji ya mto Rau. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994. Kwa hiyo huku Mjapani tulimjua shambani kabla ya kwenye luninga.

Aprili 1988, Studio Ghibli ilionyesha filamu mbili kwa pamoja. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata ni vita, njaa na yatima wawili. Inaliza watu wazima. Hiyo isubiri. My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki ni dakika 86 tu: majaruba, mama aliyelazwa hospitali, watoto wenye hofu, na kiumbe anayeishi kwenye mti mkubwa. Anayeujua msitu wa Rau na mivule yake atahitaji maelezo gani tena?

Akishaipenda, mpe ile ya machozi. Hatasema tena katuni. Au mwasemaje?